Lango la Haki la Alhambra, bila tiketi na mzee mwenye magoti mabovu

Swali: Mwezi ujao mimi na baba tutakuwa Granada, Uhispania, kwa siku moja tu tukitokea Sevilla. Ukitoa safari ya kwenda na kurudi, tutabaki na saa nne hivi. Tiketi za majumba ya Alhambra, ngome ya masultani Waislamu wa zamani, zimekwisha. Baba ni mwalimu wa madrasa hapa Mombasa, amepita miaka sabini, magoti yanamsumbua, na hamu yake kubwa ni kuyasoma kwa macho yake maandishi ya Kiarabu yaliyo juu ya Lango la Haki. Je, tunaweza kulifikia bila tiketi? Ataweza kupanda? Na ule mkono na ufunguo unaoonekana kwenye picha una maana gani hasa?

Jibu: Dada, mnaweza kulifikia, na wala msihuzunike sana kuhusu tiketi, kwa sababu kitu anachokitaka mzee wako hakilipiwi. Lango la Haki, ambalo Wahispania huliita Puerta de la Justicia, liko kwenye ukuta wa kusini wa ngome na ni njia ya watu wote. Utapita chini yake, utapanda hadi uwanja wa juu, utaingia Jumba la Carlos V, utatembea barabara ya Calle Real, na hutaulizwa tiketi. Tiketi hukaguliwa ndani zaidi, kwenye milango ya sehemu tatu: Alcazaba, yaani ngome ya askari, Majumba ya Nasri, yaani ya ukoo wa masultani wa Granada, ambamo mna ua wa simba, na Generalife, bustani za masultani. Watalii wengi hawalijui hilo. Wakisikia tiketi zimekwisha hubaki mjini, wakaiangalia Alhambra kwa mbali siku nzima.

Kabla hujakata tamaa kabisa, tazama tena tovuti rasmi ya Patronato de la Alhambra y Generalife, taasisi inayosimamia mahali hapo. Zikiisha tiketi za Majumba ya Nasri, mara nyingi hubaki tiketi ya bei nafuu ya bustani, Generalife na Alcazaba. Tiketi zilizorudishwa nazo huonekana tena, hata siku ya mwisho. Ukipata, andika majina na namba za pasipoti kama zilivyo, herufi kwa herufi, na siku hiyo beba pasipoti zenyewe. Picha kwenye simu haitoshi. Usinunue kwa mtu wa barabarani. Tiketi ina jina la mwenyewe, na ikiwa jina si lenu mtarudishwa mlangoni huku pesa zimekwenda. Ikitokea bahati mkapata ya Majumba ya Nasri, saa iliyoandikwa ni ya kuingia majumba hayo, si ya kufika Alhambra, na mna nusu saa tu tangu saa hiyo. Kutoka Lango la Haki hadi mlango wa majumba ni mwendo mfupi, lakini kutoka lango kuu la watalii lililo juu upande wa mashariki ni robo saa au zaidi kwa mguu wa kawaida. Kwa mzee, hesabu mara mbili ya hapo.

Hapo ndipo watu hupotea zaidi, kwa hiyo nikae kidogo. Ukimwambia dereva wa teksi "Alhambra" peke yake, atakupeleka kwenye banda la kuuzia tiketi, mbali na lango mnalolitaka. Mwambie "Puerta de la Justicia". Basi dogo la C30, linalopandia Plaza Isabel la Católica katikati ya mji, nalo lina kituo chenye jina hilo. Msishuke kituo cha kwanza ambacho kila mtu anashuka. Na kuna milango mingine miwili inayochanganywa na huu hata kwenye maelezo ya picha. Puerta de las Granadas, lango la makomamanga, liko chini kabisa, nje ya ngome, pale unapoishia mteremko wa Cuesta de Gomérez. Ni kazi ya karne ya 16, ya mchoraji majengo Pedro Machuca, wala halina neno la Kiarabu. Puerta del Vino liko ndani ya ngome, na ni la Waislamu kweli, tena nalo lina ufunguo uliochongwa juu ya tao. Wako wanaosimama mbele yake wakiutafuta mkono, wasiuone, wakaondoka wakisema picha zilidanganya. Mkono uko Lango la Haki, kwenye tao la nje.

Sasa magoti ya mzee. Njia ya miguu inaanzia Plaza Nueva, inapanda Cuesta de Gomérez, inapita lango la makomamanga, na hapo inagawanyika mara tatu. Ya kushoto ndiyo inayokwenda Lango la Haki. Ni mwendo wa dakika 15 hadi 20 kwa mtu mwenye afya, chini ya miti mikubwa, lakini ni mlima tangu mwanzo hadi mwisho. Mzee asiupande. Apande basi au teksi hadi juu, nguvu yake aitunzie lango lenyewe.

Ndani ya lango kuna njia iliyoezekwa inayopanda kwa mwinuko mkali, na sakafu yake ni ya mawe yaliyochakaa kwa nyayo za karne nyingi. Viatu vya ngozi vyenye soli laini huteleza hapo hata pakavu. Avae raba au viatu vyenye soli ya mpira, na fimbo yake iwe na kifuniko cha mpira nchani. Goti lililolika kwa kawaida huuma zaidi katika kushuka kuliko kupanda. Basi apite langoni akipanda, polepole, akipumzika kwenye kona, na wakati wa kuondoka asirudi kwa njia ile. Karibu na hapo ukuta umetobolewa njia nyingine, Puerta de los Carros, mlango wa mikokoteni, uliofunguliwa katika karne ya 16 ili mawe ya kujengea Jumba la Carlos V yapite, kwa kuwa mkokoteni hauwezi kukata kona za lango la zamani. Mlango huo hauna kona wala giza, na ndio wanaoutumia wenye viti vya magurudumu. Mkiona ndani ya Lango la Haki panamshinda, mwacheni alitazame kwa nje hadi atosheke, kisha azungukie mlango wa mikokoteni na aje kulitazama kwa upande wa ndani. Mabegi ya safari yaacheni mjini: magurudumu ya begi hayaendi kwenye mawe yale, na sehemu za ndani huzuia mizigo mikubwa.

Mkifika, msikimbilie kuingia. Simameni nje, mbali kidogo, pale ambapo lango zima linaingia machoni. Huu ni mnara mzima wenye njia tumboni mwake. Kuta zake kubwa ni za udongo uliochanganywa na chokaa na changarawe, ukashindiliwa tabaka kwa tabaka ndani ya mbao, na rangi yake ya wekundu ndiyo ile ile ya ngome yote. Matao ni ya matofali na mawe. Tao la nje ni refu ajabu, limejikunja kuingia ndani kwenye miguu yake kama matao mengi ya Andalusia. Katika jiwe la katikati, kileleni, ndipo ulipo mkono: kiganja wazi, vidole juu. Unaonekana mdogo kuliko unavyotarajiwa. Beba darubini ndogo, hata ya bei rahisi. Itawafaa kwa mkono na itawafaa zaidi kwa maandishi.

Nyuma ya tao hilo kubwa kuna uwazi usio na dari. Watu hupita hapo wakidhani ni ua mdogo tu. Tazameni juu: ni tundu la vita. Adui akishalipita tao la kwanza anajikuta mbele ya mlango uliofungwa, na askari walio juu wanaweza kumwaga wanachotaka kichwani mwake, mawe, moto, mishale, naye hana pa kujificha. Tao la nje lilikuwa kubwa na zuri namna ile kwa sababu halikuwa kizuizi. Kazi ya kuzuia imewekwa hatua chache nyuma.

Kizuizi ni tao la pili, dogo, la marumaru. Kwenye jiwe lake la katikati kuna ufunguo wenye kamba. Tao limebebwa na nguzo nyembamba, na kwenye vichwa vya nguzo imechongwa shahada. Mzee asiikose, maana iko chini kuliko maandishi mengine na inasomeka bila darubini. Juu ya tao ndipo ulipo ukanda wa maandishi anaoutafuta. Tatizo ni pembe. Ukisimama chini yake kabisa utakunja shingo na herufi zitabanana. Ukirudi nyuma hadi nje ya tao kubwa, unauona ukanda kupitia uwazi wa tao hilo, umetulia, na darubini inafanya kazi. Shingo ya mzee nayo itashukuru.

Maandishi ni ya msingi wa jengo, kwa hati ya mviringo yenye herufi zinazopandana, si Kufi, ile hati ya kale yenye herufi za pembe. Msomaji mzuri wa Qur'ani hatayasoma papo hapo kwa ufasaha, na asijilaumu. Karibu kila mtu anahitaji kujua kwanza kinachosemwa ndipo jicho liyafuate. Kwa hiyo mchapie nakala yake kwa herufi kubwa kabla ya safari, aikariri kwenye basi. Maana yake, kwa Kiswahili changu, ni hii: ameamuru kujengwa kwa lango hili, liitwalo Bab al-Sharia, Mwenyezi Mungu aineemeshe kwalo sharia ya Uislamu kama alivyolifanya fahari ya kudumu siku zote, mola wetu Amiri wa Waislamu, Sultani mpigana jihadi na mwadilifu, Abu al-Hajjaj Yusuf, mwana wa mola wetu Sultani Abu al-Walid bin Nasr. Zinafuata dua kwamba Mungu amlipe kwa kazi zake njema na azikubali, kisha tarehe: limekamilika katika mwezi wa Maulidi matukufu mwaka 749, Mungu alifanye kinga na aliandike katika amali njema zinazobaki.

Mzee ataonja mambo matatu humo. Kwanza ni saj', nathari yenye vina: al-Islam inaitikiwa na al-ayyam, na kwenye dua ya mwisho waqiya inaitikiwa na baqiya. Pili ni cheo. Yusuf hajiiti Amiri wa Waumini, cheo cha makhalifa. Anajiita amir al-muslimin, hatua moja chini, kama walivyofanya kabla yake wafalme wa Murabitun, ukoo uliotawala Moroko na Andalusia. Tatu ni tarehe. Mwaka umeandikwa kwa maneno, si kwa tarakimu, na mwezi haukutajwa kwa jina la Rabiul Awwal bali kwa Maulidi. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa hapo: ni Mfungo Sita. Kwa kalenda ya miladi ni Juni 1348.

Juu ya ukanda huo utaona sanamu ya Maryamu akiwa na mtoto. Iliwekwa baada ya Granada kuanguka mikononi mwa Wakristo mwaka 1492, kwa amri ya wafalme Wakatoliki, Isabel na Fernando, na ni kazi ya mchongaji Roberto Alemán. Iliyopo langoni sasa ni nakala; ya asili imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho ya sanaa lililo ndani ya Jumba la Carlos V. Wageni wengine Waislamu huudhika wakiiona, na wengine hupiga picha kwa pembe ya kuikwepa. Mimi naona ni afadhali kuitazama, kwa kuwa hadithi ya lango haikuishia 1348. Washindi hawakuyafuta maandishi ya sultani. Waliweka alama yao juu yake, na shukrani kwa hilo mzee wako ana cha kusoma.

Kuhusu mkono na ufunguo, waongozaji watawaambia mambo mengi kwa uhakika mkubwa, na uhakika huo ndio wa kuutilia shaka. Hakuna maandishi langoni yanayoeleza mkono ule. Maelezo yanayorudiwa zaidi ni mawili: kwamba vidole vitano ni nguzo tano za Uislamu, au kwamba ni kinga dhidi ya kijicho, ile khamsa inayoning'inizwa milangoni Afrika ya Kaskazini hadi leo. La pili lina ushahidi wa mazingira: hirizi za mkono zilikuwa za kawaida sana Granada, hata mwaka 1526 baraza la makasisi lililoitishwa na mfalme Carlos V lilipiga marufuku Waislamu waliobatizwa kuzivaa. Mkono wa langoni ukabaki. Ufunguo ni rahisi kidogo, kwa kuwa unajirudia kwenye malango mengine ya Alhambra likiwemo la Puerta del Vino, kwa hiyo kuuona kuwa alama ya mamlaka ya watawala, wenye kufungua na kufunga, hakuhitaji mashaka mengi.

Hadithi ya kwamba siku mkono utakapoufikia ufunguo ngome itaanguka ni ngano, na imeenea duniani kupitia mwandishi mmoja Mmarekani aliyekaa Alhambra mwaka 1829. Isikilizeni kwa raha zake. Msiipeleke darasani.

Baada ya tao la ufunguo kuna mbao za mlango, na hapa wengi hupita bila kugeuka. Ni mlango wa asili, umevikwa mabamba ya chuma kwa misumari, kwa sababu mbao tupu zingechomwa. Kisha njia inaanza kupanda na kukata kona ndani ya giza, chini ya dari za matao na kuba. Kwa anayezijua nyumba za mawe za Lamu, wazo si geni: kama daka na ukumbi vilivyopindishwa ili anayepita nje asione ndani. Huko ni kwa sitara, hapa ni kwa damu. Farasi hawezi kushika kasi kwenye kona, gogo refu la kuvunjia mlango haligeuki, askari waliosongamana hawaoni wenzao, na mwinuko unawachosha kabla hawajapigana. Kando ya njia kuna mabaraza ya walinzi. Ndipo mzee apumzike, akiona pana nafasi, bila kuegemea kuta zilizopambwa wala kuzigusa. Mbele zaidi kuna bamba lenye herufi za Kigothi linaloeleza jinsi ngome ilivyotwaliwa mwaka 1492 na kukabidhiwa kwa kabaila wa Tendilla, Íñigo López de Mendoza, mkuu wake wa kwanza wa upande wa Wakristo.

Mkitoka upande wa juu, geukeni mara moja. Uso wa ndani wa lango ni mtulivu kuliko wa nje, lakini una jambo ambalo picha nyingi hazina: pembeni mwa tao kuna mapambo ya vigae vya rangi yaliyosukwa kama wavu. Uso huu ulikuwa wa kutazamwa na wenyeji, ule mwingine na wageni na maadui. Ukuta ulio hapo kando ya njia umejengwa kwa mawe, na baadhi yake ni mawe ya makaburi ya Waislamu yaliyong'olewa makaburini baada ya ushindi. Mwambie mzee kabla hajafika hapo.

Sultani Yusuf alikuwa na sababu ya kujenga lango hili. Mwaka 1340 jeshi lake na la Wamarini wa Moroko lilishindwa vibaya kwenye vita vya mto Salado, na mwaka 1344 mji wa Algeciras, mlango wa kupitishia msaada kutoka Afrika, ukaangukia mikononi mwa Alfonso XI, mfalme Mkristo wa Castilla. Yusuf alirudi nyumbani akaimarisha kuta. Na mwezi uleule ulioandikwa langoni, Mfungo Sita wa 749, tauni kubwa iliingia Almería, bandari ya ufalme wake. Tauni haikujua lango. Ikamwua Alfonso mwenyewe mwaka 1350 akiwa ameuzingira mji wa Gibraltar. Yusuf aliuawa mwaka 1354, siku ya Idi, akiwa anasali.

Mwaka huohuo wa 1350 alifika Granada msafiri ambaye mzee wako anamjua vizuri, Ibn Battuta. Alikuwa amepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akiwa kijana. Sasa alikuwa ametoka kuzunguka hadi Uchina. Hakuonana na Yusuf kwa kuwa sultani alikuwa mgonjwa, ila mama yake sultani alimpelekea dinari za dhahabu. Lango lilikuwa na miaka miwili tu. Sisemi alipita chini ya mkono ule, lakini ni vizuri mwalimu wa Mombasa ajue kwamba mgeni aliyetuandikia misikiti ya mbao ya Mombasa alikuwa katika mji huu wakati chokaa ya lango bado mbichi.

Kiungo kingine mtakikuta mkishuka hatua chache nje ya lango, kwenye chemchemi kubwa ya mawe ukutani, Pilar de Carlos V, nayo ya Machuca. Nyuso tatu zinazotema maji husemwa kuwa ni mito mitatu ya Granada: Darro, Genil na Beiro. Carlos huyo ndiye baba wa Felipe II, na ni katika enzi ya Felipe II, aliyekuwa pia mfalme wa Ureno, ndipo Fort Jesus ilipojengwa kuanzia mwaka 1593 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Mtoto wa Mombasa aliyezoea Fort Jesus ataona tofauti mara moja. Fort Jesus ni ya zama za mizinga: kuta zimelala chini, nene, zina pembe za kurushia moto pande zote. Lango la Haki ni la zama za upinde, limesimama wima na linategemea kona na urefu. Ndiyo maana washindi waliongeza ngome ya mviringo ya mizinga karibu nalo, kwa kuwa lango peke yake lilikuwa limepitwa na wakati.

Kwa saa nne zenu, ningepanga hivi. Lango na uso wake wa ndani lipeni saa moja nzima, msilibane. Pandeni hadi uwanja wa mabirika, ambao chini yake kuna birika kubwa zilizojengwa na Tendilla baada ya ushindi, mpite Puerta del Vino, muingie Jumba la Carlos V, ambalo ndani ni duara na nje ni mraba. Ghorofa ya chini kuna Museo de la Alhambra, halina kiingilio, na humo mna chombo cha udongo kirefu chenye picha za wanyama swala weupe, kazi ya mafundi wa Nasri, ambacho peke yake kinatosha kuwa sababu ya safari. Jumatatu makumbusho haya hufungwa, na Jumanne na Jumapili hufungwa mapema mchana; ikiwa siku yenu imeangukia hapo, ingieni huko kwanza kabla ya kitu kingine. Vyoo na sehemu za kukaa ziko eneo hilo, na kwenye Calle Real kuna hamamu ya msikiti wa zamani, bure pia. Mahali pa msikiti wenyewe pana kanisa la Santa María.

Kisha shukeni kwa basi, msishuke kwa miguu. Kwa mwalimu wa madrasa ningeiacha saa ya mwisho mjini kwa jengo alilolijenga Yusuf huyuhuyu mwaka uliofuata lango, 1349: madrasa ya Granada, mtaa wa Oficios, mkabala na Capilla Real, kanisa la kifalme. Sasa ni ya Chuo Kikuu cha Granada, na chumba chake cha sala cha asili, chenye mihrabu, huonyeshwa kwa ada ndogo. Ni mitaa tambarare, magoti yatapumua. Wakati wa swala ukiwakuta na mna nafasi, msikiti mkuu wa leo, uliofunguliwa mwaka 2003, uko mtaa wa Albaicín kando ya uwanja wa San Nicolás. Teksi hufika karibu, na kutoka bustani yake Alhambra yote inaonekana ng'ambo ya bonde.

Mwisho, hali ya hewa: Granada iko juu ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Kiangazi joto hupita nyuzi 35 na mawe huakisi, kwa hiyo muwe langoni mapema, mabasi ya wageni yakiwa hayajafika. Majira ya baridi asubuhi ni ya makoti, na sakafu ya ndani ya lango ikilowa ni hatari kwa fimbo. Mvua ikinyesha usiku wa kuamkia siku yenu, msibishane: mzee apite mlango wa mikokoteni.